Ugumu wa maisha Dar: Kaya za kipato kidogo zinavyoishi kwa kipimo cha siku

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

HALI ngumu ya uchumi inapozungumzwa bungeni au katika taarifa za Benki Kuu ya Tanzania (BoT), hupimwa kwa asilimia: mfumuko wa bei umefikia kiasi gani, pato la taifa limekua kwa kiasi gani na shilingi imeshuka kwa kiwango gani dhidi ya dola. Katika mitaa iliyo nje ya katikati ya Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Mbagala, Tandika na Yombo kwa upande wa Temeke hadi Tandale, Mwananyamala na Kigogo kwa upande wa Kinondoni, wananchi wana kipimo chao kingine. Wao huhesabu siku ambazo familia inaweza kula bila kuingiza fedha mpya.

Kaya yenye nafasi hupanga matumizi yake kwa mwezi. Hali inapobana, hupanga kwa wiki. Ikibana zaidi, hupanga kwa siku. Mabadiliko hayo huonekana madogo kwa mtu aliye nje, lakini ndiyo yanayoeleza sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ugumu wa maisha, kwa sababu anayeishi kwa kipimo cha siku hulipa zaidi kwa vitu vilevile anavyonunua mwenzake anayeishi kwa kipimo cha mwezi.

Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, historia yake katika jiji hili, na haki alizonazo mfanyakazi pale kibarua kinapoota nyasi.

Bei ya kununua kidogo kidogo

Katika maduka ya mitaani, ambayo wakazi wengi wa Dar es Salaam huyaita kwa Mangi, karibu kila kitu huuzwa kwa kupimwa. Sukari hununuliwa robo kilo, mafuta ya kula kwa kipimo cha kikombe, na majani ya chai kwa kipakiti kidogo kinachotosha asubuhi moja. Gengeni nyanya na vitunguu huwekwa kwa mafungu, na mkaa hupimwa kwa kopo la rangi.

Utaratibu huu ni msaada mkubwa kwa mtu mwenye shilingi elfu mbili mfukoni, kwa kuwa bila huo asingepika kabisa siku hiyo. Tatizo lake ni kwamba kila anayegawa bidhaa hiyo hujiwekea faida yake, na mnunuzi wa mwisho ndiye hubeba faida zote hizo.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Ikiwa gunia la mkaa linauzwa shilingi 60,000 na linaitosha familia kwa siku 30, gharama ya kupikia ni shilingi 2,000 kwa siku. Familia isiyoweza kutoa shilingi 60,000 kwa mkupuo hununua kopo kila siku. Kopo hilo likiuzwa shilingi 3,000, mwisho wa mwezi familia hiyo itakuwa imetumia shilingi 90,000. Tofauti ya shilingi 30,000 imelipwa na maskini kwa sababu moja tu, nayo ni kukosa fedha za pamoja mwanzoni mwa mwezi.

Hali ni hiyo hiyo kwa maji. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Mkazi asiye na bomba nyumbani akinunua dumu kwa shilingi 100, uniti hiyo humgharimu shilingi 5,000, kiasi kinachozidi kwa mbali anacholipa mwenye dira yake mwenyewe. Anayeletewa maji kwa mkokoteni hulipa zaidi ya hapo.

Familia inapoishiwa kabisa, hatua ya kwanza huwa ni kupunguza mlo. Vijana wa mjini wameupa utaratibu huo jina la pasi ndefu, yaani mtu anakunywa chai asubuhi, anaruka chakula cha mchana na kula tena usiku. Nyama na samaki huondoka kwenye sahani mapema, zikifuatiwa na mchele, na kinachobaki ni ugali kwa mchicha, tembele au dagaa. Hatua ya pili huwa ni daftari la madeni la Mangi.

Kodi, nauli na umeme

Ziko gharama ambazo haziwezi kugawanywa kwa siku, na hizo ndizo huumiza zaidi. Kodi ya nyumba ni mfano mkubwa. Wenye nyumba wengi jijini hudai kodi ya miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima kwa pamoja, na mpangaji mpya humlipa dalali kiasi kinacholingana na kodi ya mwezi mmoja. Kwa mama anayeuza vitumbua au kijana anayeendesha bodaboda, ambao huingiza fedha kila siku kidogo kidogo, kukusanya kiasi hicho kwa mkupuo maana yake ni kukopa au kuhamia maeneo ya mbali zaidi ambako vyumba ni nafuu.

Kuhamia mbali nako kuna gharama yake. Mei 2022, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipandisha nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kutoka shilingi 400 hadi 500, na Desemba 2023 ikapanda tena hadi shilingi 600. Mfanyakazi anayelazimika kupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi hutumia, kwa nauli hiyo ya chini kabisa, shilingi 2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni shilingi 62,400. Katika kipindi ambacho kima cha chini cha mshahara serikalini kilikuwa shilingi 370,000, nauli peke yake ilimeza takriban sehemu moja ya sita ya mshahara huo kabla ya kodi, chakula na ada.

Ndiyo maana si ajabu kuona vibarua wa viwandani Chang'ombe au Mwenge wakitembea kwa miguu alfajiri. Mtu anayetembea saa moja na nusu ameamua kuuza muda na nguvu zake ili nauli hiyo igeuke unga.

Nyumba nyingi za uswahilini zina vyumba sita au zaidi vinavyotazamana katika ukumbi mmoja, na wapangaji wote hutumia mita moja ya LUKU. Ugomvi wa nani ana friji, nani anapiga pasi na nani hajachangia ni wa kila wiki. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kupitia LUKU, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kupanda hadi shilingi 1,500 Julai 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini hukatwa kwa yeyote anayenunua umeme, na mara nyingi huyo ni mpangaji asiyejua namna ya kuirejeshewa.

Tulikotoka: Foleni na unga wa njano

Ukata si jambo geni kwa wakazi wa Dar es Salaam. Kupanda kwa bei ya mafuta duniani mwaka 1973 na tena 1979, ukame wa katikati ya miaka ya 1970, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliiacha nchi bila fedha za kigeni. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na khanga vikawa vya foleni. Wazee wanakumbuka unga wa njano kutoka Marekani, uliobatizwa jina la Yanga kutokana na rangi ya klabu hiyo ya Mtaa wa Jangwani.

Mwaka 1983 Serikali iliendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Mwaka huo huo ilipitishwa Sheria ya Nguvukazi, ambayo iliwafanya watu wasio na ajira inayotambulika mjini wakamatwe na kupelekwa vijijini. Miongoni mwa waliosumbuliwa walikuwa wauzaji wadogo wa vyakula, ambao shughuli zao zilikuwa ndizo zinazolisha familia za wafanyakazi wenye mishahara isiyotosha.

Katika kitabu chake kuhusu uchumi usio rasmi mijini Tanzania, kilichochapishwa mwaka 1997 na kilichotokana na utafiti katika maeneo ya Manzese na Buguruni, mwanazuoni Aili Mari Tripp alionyesha kuwa uwezo wa mshahara kununua bidhaa ulianguka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya mwaka 1974 na 1988. Mshahara ukawa hautoshi kuilisha familia hadi katikati ya mwezi. Familia zikaanzisha kile kilichoitwa miradi: kufuga kuku, kuuza maandazi, kushona nguo, kuuza barafu na kulima bustani mabondeni.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika ndani ya nyumba. Mshahara wa baba, uliokuwa nguzo, ukawa nyongeza, na mapato ya biashara ndogo, ambazo nyingi zilikuwa mikononi mwa akina mama, yakawa ndiyo yanayonunua chakula. Serikali yenyewe ilikubali hali hiyo hatua kwa hatua. Mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa mwaka 1983 baada ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA) kuelemewa, nayo yakapata jina la daladala kutokana na nauli ya shilingi tano, yaani dala. Mwaka 1984 wafanyabiashara waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Mwaka 1991, kupitia Azimio la Zanzibar, hata viongozi wakaondolewa masharti ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 yaliyowazuia kuwa na vipato vya pembeni.

Kupunguzwa kazi miaka ya 1990

Agosti 1986, Serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Shilingi, iliyokuwa ikibadilishwa kwa takriban 17 kwa dola moja mwanzoni mwa mwaka huo, ilifika 40 katikati ya mwaka na kuendelea kushuka. Bidhaa zilirudi madukani, lakini kwa bei ambazo wengi hawakuzimudu.

Kisha ukaja ubinafsishaji. Chini ya Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma (PSRC), mamia ya mashirika yaliuzwa, yaliingia ubia au yalifungwa. Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) iligawanywa mwaka 1997. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichoko Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1960, kiliingia ubia na Wachina katika miaka ya 1990. Kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers pale Kawe kilibaki majengo. Neno redandansi likaingia katika Kiswahili cha kila siku.

Mfanyakazi aliyepunguzwa alipewa kiinua mgongo, mara nyingi kikiwa kidogo na kikichelewa. Wengine waliendelea kudai kwa miongo. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa bado wanaandamana jijini kudai mafao yao katika miaka ya 2000, zaidi ya miaka 20 baada ya Jumuiya hiyo kuvunjika.

Katika kipindi cha Rais Benjamin Mkapa, kati ya mwaka 1995 na 2005, mfumuko wa bei ulishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 10, na madeni mengi ya nje yalifutwa. Hata hivyo, mitaani wananchi waliita hali ya kukosa fedha ukapa. Miaka kumi baadaye, katika kipindi cha Rais John Magufuli, msemo ukawa vyuma vimekaza. Mwananchi huipima hali kwa fedha zinazopita mkononi mwake, na hizo zinaweza kupungua hata wakati takwimu za taifa ni nzuri.

Kinachosemwa na takwimu

Hapa ndipo wasomaji wengi huchanganyikiwa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) inapotangaza kuwa mfumuko wa bei umeshuka, haimaanishi kuwa bei zimeshuka. Maana yake ni kwamba bei zinaendelea kupanda, ila kwa kasi ndogo zaidi. Desemba 2011 mfumuko ulifikia asilimia 19.8, ukichochewa na bei za vyakula na mafuta pamoja na mgawo wa umeme. Baadaye ulishuka sana, na mwaka 2023 na 2024 ulikuwa kati ya asilimia 3 na 4. Lakini bei zilizopanda mwaka 2011 hazikurudi zilikotoka.

Jambo la pili ni kapu la bidhaa linalotumika kupima mfumuko huo. Katika kapu la sasa la NBS, vyakula na vinywaji baridi vina uzito wa chini ya asilimia 30. Huo ni wastani wa kaya zote nchini, zikiwamo zenye magari na zinazolipia shule binafsi. Kaya maskini hutumia sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kwa chakula, hivyo bei ya unga na maharage inapopanda, ugumu unaoipata ni mkubwa kuliko unaoonekana katika wastani wa taifa.

Jambo la tatu ni mstari wa umaskini. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kwa kigezo hicho, asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa maskini, huku Dar es Salaam ikiwa na kiwango cha chini kabisa, asilimia 8.

Gawanya kiasi hicho kwa siku 30 utapata shilingi 1,644 kwa siku. Nauli ya daladala kwenda na kurudi wakati huo ilikuwa shilingi 800, karibu nusu ya kiasi hicho. Aliyekuwa akitumia shilingi 1,700 kwa siku hakuhesabiwa kuwa maskini, lakini homa moja ya mtoto au wiki moja bila kibarua ilitosha kumrudisha chini ya mstari. Kaya nyingi za Temeke na Kinondoni ziko katika kundi hilo la juu kidogo ya mstari, ambalo takwimu za umaskini hazilioni.

Mishtuko kutoka nje

Mwaka 2008 Marekani iliingia katika msukosuko mkubwa wa fedha. Benki ya Lehman Brothers ilianguka Septemba mwaka huo, na Oktoba 2009 kiwango cha watu wasio na kazi nchini humo kilifikia asilimia 10. Familia nyingi za Kimarekani zilipoteza nyumba zilizonunuliwa kwa mikopo ya benki.

Mfanyakazi wa Marekani aliyefutwa kazi, hata hivyo, alikuwa na pa kuegemea. Bima ya kukosa ajira imekuwapo huko tangu sheria ya mwaka 1935, na katika msukosuko ule baadhi ya watu waliipata kwa hadi wiki 99. Hapa nchini athari zilipita njia nyingine: bei za pamba na kahawa zilianguka, watalii walipungua na mitaji ikasita. Juni 2009, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wenye thamani ya takriban shilingi trilioni 1.7. Sehemu ya fedha hizo ililenga wanunuzi wa mazao na kampuni zenye mikopo katika mabenki. Muuza genge wa Tandika hakuwa na njia ya kuingia katika mpango huo, kwa sababu hakuwa na mkopo wa benki wa kudhaminiwa.

Hali kama hiyo ilirudi mwaka 2022, bei za mafuta, ngano na mbolea zilipopanda duniani baada ya vita vya Ukraine kuanza. Mei mwaka huo bei ya petroli Dar es Salaam ilipita shilingi 3,100 kwa lita, na Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Kabla ya hapo, Julai 2021, zilikuwa zimeanza tozo za miamala ya simu, ambazo zilipunguzwa mara kadhaa baada ya wananchi kulalamika na hatimaye kuondolewa mwaka 2023. Kwa watu wanaotumiana fedha ndogo ndogo kila siku, kila muamala ulikuwa na makato yake.

Mikopo: Mahali kaya inapovunjika

Kwa kuwa mahitaji makubwa huja kwa mkupuo na kipato huja kwa siku, lazima kuwe na daraja kati ya viwili hivyo. Daraja la zamani ni upatu, ambao wengine huuita mchezo au kibati: wanawake kumi wanachangia kiasi sawa kila wiki, na kila mmoja hupokea chote kwa zamu. Baadaye vikaja Saccos na Vicoba, ambavyo hukusanya hisa na kukopesha wanachama.

Njia hizo hufanya kazi pale watu wanapofahamiana. Hatari huingia pale ukata unapowafanya watu waamini ahadi za faida ya haraka. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha shughuli za DECI, taasisi iliyokuwa na makao yake Mabibo, ambayo wanachama wake walipanda mbegu, yaani waliweka fedha, wakiahidiwa kuvuna zaidi baada ya muda. Baadhi ya viongozi wake walitiwa hatiani na mahakama mwaka 2013. Wengi waliopanda mwishoni hawakuvuna.

Siku hizi kilio kikubwa ni mikopo inayoitwa kausha damu. Kwa mfano, mtu anakopa shilingi 100,000 na kutakiwa kurejesha 130,000 ndani ya mwezi mmoja, kwa marejesho ya kila siku au kila wiki. Hiyo ni riba ya asilimia 30 kwa mwezi, wakati ukomo uliowekwa na BoT kwa wakopeshaji wa daraja la pili wasiopokea amana ni asilimia 3.5. Akishindwa, huchukuliwa televisheni, godoro au majiko ya biashara. Akinyang'anywa majiko, mama ntilie amenyang'anywa pia njia ya kulipa deni lililobaki.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni. Novemba 2024 BoT ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Njia mbadala ni mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kutokana na dosari za usimamizi na kurejeshwa mwaka 2024.

Wafanyabiashara wadogo nao wameishi kwa amri zinazobadilika. Mwaka 2006 waliondolewa katika maeneo mengi ya jiji, na jengo la Machinga Complex pale Karume likajengwa kwa ajili yao. Kuanzia mwaka 2016 iliagizwa wasibughudhiwe, na Desemba 2018 vikatolewa vitambulisho vya shilingi 20,000. Oktoba 2021 wakahamishwa tena kutoka barabarani. Kila wanapohamishwa hupoteza wateja waliozoeana nao, na kwa mtu anayekula alichouza leo, wiki moja ya kutafuta wateja wapya ni wiki ya madeni.

Haki za mfanyakazi aliyepunguzwa

Kwa wale walio katika ajira, sheria inatoa kinga ambazo wengi hawazifahamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane nao au na chama chao. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au malipo badala yake.

Mfanyakazi aliyetumikia mfululizo kwa mwaka mmoja au zaidi na kuachishwa bila kosa la kinidhamu anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka kumi. Anayeona ameachishwa isivyo halali anatakiwa kufungua shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kudai kwa msingi huo, na ndiyo maana baadhi ya waajiri hupenda mikataba mifupi inayorudiwa.

Tangu mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018, lipo fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari. Vibarua, deiwaka wa daladala, wafanyakazi wa ndani wasioandikishwa na wachuuzi wote wako nje ya kinga hiyo.

Kuhusu mishahara, mwaka 2010 Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi (TUCTA) lilidai kima cha chini cha shilingi 315,000 na kutishia mgomo, na Serikali ikasema haina uwezo huo. Kima cha chini serikalini kilifika shilingi 300,000 mwaka 2015 na kukaa hapo hadi Julai 2022 kilipopanda hadi 370,000. Kiwango kilichodaiwa kilivukwa baada ya miaka 12, wakati bei nazo zilikuwa zimekwenda mbele. Julai 2025 kimepanda hadi shilingi 500,000. Viwango vya sekta binafsi hupangwa kwa sekta na viko chini ya hapo katika kazi nyingi.

Gharama isiyoandikwa

Kwa sehemu kubwa anayeziba pengo lililobaki ni mama. Ndiye anayeamka saa kumi usiku kukaanga maandazi, ndiye mwanachama wa mchezo na ndiye anayejibu wanaokuja kudai marejesho. Watoto nao hubeba sehemu yao. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ya sekondari za Serikali mwaka 2016, lakini sare, daftari, nauli na chakula cha mchana vimebaki kwa mzazi. Mtoto huchelewa shuleni kwa sababu konda hataki wanafunzi wanaolipa shilingi 200, au hupelekwa kwa bibi kijijini hadi hali itakapotengemaa.

Mipango mingi ya kuwasaidia wananchi hawa hutangazwa kwa lugha ya mitaji na ujasiriamali. Hesabu za hapo juu zinaonyesha kuwa kabla ya mtaji kuna mambo ya karibu zaidi: bomba la maji lililo ndani ya uzio, kodi ya nyumba inayolipwa kwa mwezi, mkopeshaji anayefuata ukomo wa riba, na eneo la biashara ambalo mchuuzi hatahamishwa bila kupewa jingine lenye wateja. Kila kimoja kati ya hivyo huirudisha kaya kutoka kipimo cha siku kwenda kipimo cha wiki, na hakuna hata kimoja kinachosubiri uchumi wa dunia utengemae.